Pipa Lilinenepa Kuliko Ng'ombe

Sikuwa na mpango wa kuandika habari hii. Ila kuna mtu, na anajijua, ameitupa ile video kwenye kundi la wafugaji na kuiandikia "Mnenepeshaji akikimbia mifugo yake". Naomba tuelewane. Video nzima nimelala kifudifudi. Mtu aliyelala kifudifudi anakimbiaje?

Halafu kaikata. Mwanzo hamna, mwisho hamna, kaacha pale tu ninapolambwa na ng'ombe. Haya, kaeni niwape yote. Mmeshacheka, sina tena cha kuficha.

Kwa wageni humu: mimi nanenepesha maksai, huku Kishapu. Kiangazi kikikaza nazunguka minadani, Mhunze na kwingineko, natafuta waliokondeshwa na njaa, si wale waliokondeshwa na ugonjwa wala uzee. Aliyekonda kwa njaa ndiye mwenye hela, kwa sababu akishapata chakula mwili unalipiza kisasi, unajaza kwa kasi mpaka unashangaa. Nawafungia zizini kama miezi mitatu, halafu wanapanda lori kwenda mnada wa Pugu, Dar. Na siyo suala la ng'ombe kula sana. Kula sana hata mimi naweza, muulizeni mama watoto. Suala ni kilo ngapi za chakula zinageuka kilo moja ya mwili. Maksai wetu hawa wa asili akila kilo nane za chakula kikavu akakurudishia kilo moja, msalimie asubuhi, ni mtu wa maana. Akila kumi na tano akakurudishia hiyo hiyo moja, wewe ndiye unayenenepeshwa kwa madeni.

Chakula chenyewe ni mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, ambayo huku kwetu tunayo shauri ya viwanda vya kuchambua pamba, pumba za mahindi, pumba za mpunga, chumvi, madini, na vile vitu viwili vilivyoniponza: molasi, ule uji mzito mweusi unaobaki kiwanda kikishatoa sukari kwenye miwa, na urea.

Ndiyo, mbolea hiyo hiyo ya mahindi. Tulieni. Ng'ombe haili yeye, wanaokula ni bakteria walio kwenye tumbo lake kubwa. Wanachukua ile naitrojeni, wanajijengea miili yao ya protini, halafu ng'ombe anakuja kuwameng'enya wao. Lakini bakteria hao hawafanyi kazi na njaa, wanataka sukari ya haraka, na hapo ndipo molasi inapoingia. Inapunguza sana gharama ya mashudu. Ila urea haina msamaha. Haizidi kilo moja kwenye kilo mia za chakula chote, inaanzishwa kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu, ndama hapewi, na ng'ombe asiipate kwa kuinywa kwenye maji. Akiinywa, inageuka amonia tumboni kwa mkupuo mmoja, bakteria wanazidiwa, ini linazidiwa, na ndani ya nusu saa unaweza kumwona anatetemeka, povu mdomoni, tumbo limevimba, yuko chini. Kumbukeni hapo. Huyo anayesema nilikuwa nawakimbia ng'ombe hapo hapajui.

(Kuna mdau kauliza mbona situmii ile monensini, dawa ya kuchanganya kwenye chakula, ya kwenye video za Marekani. Inasaidia kweli ng'ombe anenepe kwa chakula kidogo. Lakini mimi maji yananijia kwa punda, na monensini inaua punda hata kwa kiasi kidogo mno. Punda wangu huyo anashinda ananyemelea hori la ng'ombe. Tuendelee.)

Basi molasi yangu inakaa kwenye pipa la bluu la lita mia mbili, lile la plastiki lenye vizibo viwili juu. Molasi tupu haina neno, ina sukari nzito kiasi kwamba vijidudu vingi haviwezi kukua humo, unaweza kuiweka muda mrefu. Lakini hii nilikuwa nimeshaiyeyushia urea, na dogo anayenisaidia, kwa kuona inachelewa kumiminika, akaongeza ndoo za maji. Kizibo kikakazwa sawasawa kwa sababu ya nyuki. Jua la Oktoba la Shinyanga mnalijua. Sasa molasi yenye maji, kwenye joto, na urea ndani, ambayo hamira nayo inaipenda kuliko hata ng'ombe wanavyoipenda. Humo ndani kulikuwa na kiwanda, na sisi tunapita tunasalimiana.

Alhamisi asubuhi dogo kaja: "Bosi, lile pipa limenenepa kuliko ng'ombe."

Nikacheka. Nikamwambia akaoshe mabirika, mgeni anakaribia.

Mgeni ni Hajji, mnunuzi kutoka Dar, mtu mzima mwenye heshima zake, kanzu nyeupe, kofia ya mkono, hapigi kelele hata akiwa anakupunja. Na mimi nikatoa shati langu jeupe, lile la kanisani. Huyo msambaza video naye akaja "kunisindikiza", simu mkononi tayari. Rafiki.

Hajji kazunguka zizi. Kawaangalia mgongoni, mbavuni, kwenye shina la mkia pale mafuta yanapojikusanya. Kaguna vizuri. Akasimama kwa Waziri, maksai wangu mkubwa mwenye nundu iliyolala upande, akasema, "Huyu mnampa nini?"

Ndugu zangu, angesema tu bei ni ngapi.

Nikasema, "Hajji, njoo nikuonyeshe siri." Nikampeleka kwenye pipa. Limetuna kweli, linang'aa, ukiligonga linaita ngoma. Nikaliegemea kwa kiwiko, mkono mmoja kwenye kizibo, nikaanza somo la naitrojeni. Nazungusha kizibo huku naangalia Hajji usoni, maana mteja haangaliwi chini. Robo ya mzunguko: ssss. Nikapandisha sauti kidogo ili niifunike. Nusu ya mzunguko: kizibo kikaanza kutetemeka kwenye vidole. Nikasema, kwa sauti yangu ya mtaalamu, "Na uzuri wa molasi, Hajji, ni kwamba imetulia."

Kizibo hakikufunguka. Kiliondoka. Tulikisikia kikigonga bati la banda la mashudu, na kabla hakijarudi chini kilikuwa kimeshatoka kilichokifuata: povu la kahawia, nene, la moto wa jua, lililopanda, likanikuta kidevuni, likaingia puani, mdomoni, machoni, likanivua kofia. Sikuona tena. Nikafanya jambo ambalo mtu yeyote asiyeona hulifanya, nikakumbatia kilichokuwa karibu. Kilikuwa pipa. Tukaenda chini wote wawili.

Nilipofuta jicho moja niliona vitu viwili. Cha kwanza ni kanzu ya Hajji, madoa matatu kifuani. Cha pili ni molasi inatoka kwenye pipa kwa furaha, glo glo glo, inateremka kwenye mwinuko, inapita chini ya fito za zizi, inajikusanya kwenye kishimo cha upande wa pili. Na maksai wote wameinua vichwa. Harufu ile wanaijua. Ndiyo harufu ya saa ya kula.

Hapo ndipo nilipofikiria urea.

Wao wakaanza kuja. Ng'ombe haji mbio mwanzoni, anakuja kwa adabu, hatua, hatua, anapuliza pua. Waziri mbele. Nikaruka fito (hiyo kakata kwenye video, niliruka vizuri sana), nikafika kishimoni kabla yake, nikatafuta kitu cha kufunikia. Hakuna gunia, hakuna koleo, hakuna kitu. Nikajitazama. Nikalala.

Ndiyo, nililala juu yake. Mikono nimetanua, miguu nimetanua, shati la kanisani chini, nafunika eneo kadiri Mungu alivyonijalia, na nawashukuru wote mlioandika kwamba kitambi hatimaye kimepata kazi. Nikapiga kelele, "Mchanga! Leteni mchanga!" Lakini nina molasi mdomoni, meno yameshikana. Dogo akaniangalia pale chini, povu kwenye ndevu, macho mekundu, naongea nisichoeleweka, akasikia alichosikia. Akatupa ndoo akakimbia. Nikajua kaenda kuleta mchanga.

Waziri akafika. Akasimama juu yangu, akashusha pumzi ya moto kwenye kisogo. Halafu akanilamba. Wanaojua ulimi wa ng'ombe wanajua, kwa wasiojua: ni msasa uliolowa maji. Alianza nyuma ya sikio, taratibu, na kumaliza eneo lote kabla ya kuhamia jingine. Shingo. Ndani ya kola. Akang'ata kola akavuta, kitufe cha kwanza kikatoka, cha pili kikafuata. Mwenzake kaanza na soksi. Wa tatu kanisukuma ubavuni na pua aone kama nitapisha, sikupisha. Nikawa nasema, "Waziri, acha. Waziri, baba, utakufa." Hajji ananisikia. Simsemi vibaya Hajji, lakini mtu akimkuta mwenyeji wake amelala tope la kahawia linalonuka kilabu, anambembeleza ng'ombe kwa jina, ana haki ya kurudi nyuma hatua mbili.

Akasema kwa upole, "Kijana wangu. Hii ni pombe?"

"Hapana Hajji, ni molasi."

"Inanuka pombe."

"Imechacha tu, Hajji."

"Sasa iliyochacha ndiyo nini?"

Sikuwa na jibu na nilikuwa nalambwa kwapa.

Rafiki yangu, mwenye simu, nilimwita mara nyingi aache kupiga picha awaondoe ng'ombe. Sikilizeni video vizuri mtamsikia akijibu, "Ngoja, mwanga mzuri."

Dogo akarudi na bodaboda. Nyuma ya bodaboda amekaa mganga.

Mganga mwenyewe, yule mzee wa kijiji cha pili, na mkoba wake na usinga. Akashuka, akanitazama muda mrefu, akamtazama Waziri aliyekuwa ameanza kutikisa masikio, akanusa hewa. Akatangaza kwamba hili limefanywa na mtu wa karibu sana, na mtu huyo yupo hapa hapa. Nikiwa chini nikaonyesha kidole kwenye simu. Ndiyo maana sehemu hiyo nayo hamkuiona.

Yaliyobaki upesi upesi. Mganga ndiye aliyewafukuza ng'ombe kwa usinga, nampa haki yake. Tukamwaga mchanga. Waziri ndiye aliyelamba zaidi na sikutaka kubahatisha, tukatuma mtu senta kutafuta siki, kwa sababu siki na maji mengi ya baridi ndiyo huduma ya kwanza ya sumu ya urea, ile tindikali inapunguza kasi ya amonia. Siki ya dukani ikaisha, tukahamia kwa anko wa chipsi, jioni hiyo senta nzima ilikula chipsi na ndimu. Tukamnywesha kwa chupa pembeni ya mdomo, kichwa kisiinuliwe sana isije ikaingia mapafuni, maji ndoo kwa ndoo. Daktari wa mifugo kaja, kampima, kasema hana dalili yoyote ya urea. Kasema masikio yale yanatikisika kwa nyuki. Halafu kaniuliza kama na mimi nimeinywa hiyo molasi, nikamwambia kidogo, kaandika kitu kwenye daftari lake. Nimeoga sana tangu Alhamisi na bado nyuki wananisalimia.

Hajji alinunua. Aliwachukua wote isipokuwa Waziri, kasema hawezi kupeleka Pugu ng'ombe anayenuka kachumbari, na kwenye bei akakata ya kufulia kanzu, kwa kila kichwa. Nikamwambia, Hajji, kanzu ni moja. Akasema, "Lakini ng'ombe ni wengi." Bado naitafakari hiyo hesabu.

Mganga anadai nauli ya kwenda na kurudi. Nimempa namba ya mwenye video.