Kijamii au kijamaa: jina la siasa yako ukiwa Ujerumani

Mtanzania hulipata neno "ujamaa" bila kulitafuta. Limo kwenye Ibara ya 3 ya Katiba, inayosema Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini, na siasa ya Ujamaa na Kujitegemea inarudi tena katika Ibara ya 9. Nyumbani mtu anaweza kuzeeka na imani yake ya usawa bila kuulizwa ni ujamaa wa aina ipi. Ujerumani swali hilo halikwepeki. Kila jina la mrengo wa kushoto lina chama chake na mwaka wake wa kutengana na wenzake, na baadhi yametengana kwa damu: wanamapinduzi Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht waliuawa Berlin Januari 1919, wakati waliokuwa wenzao katika chama kimoja wakishika serikali.

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi kwetu ni la irabu. "Kijamii" imetokana na jamii, "kijamaa" imetokana na jamaa, na kwa sikio lenye haraka ni kitu kimoja. Kwa Mjerumani ni nyumba mbili. Neno lao la "kijamii" halimtishi mtu: hata wahafidhina wa CDU hujivunia uchumi wa soko wa kijamii, yaani soko huria lenye bima na kanuni. Demokrasia ya kijamii ni siasa ya SPD, chama kilichoachana rasmi na Umarksi pale Bad Godesberg mwaka 1959. Ujamaa wa kidemokrasia bado umetajwa katika mpango wa SPD kama dira ya mbali, lakini anayejitambulisha nao leo, wengi humweka upande wa Die Linke, chama kilichoundwa mwaka 2007. Kwa hiyo Mtanzania anayetaka kusema "nafuata siasa ya Mwalimu" akajiita mdemokrasia wa kijamii, ameeleweka kuwa anataka mabenki yabaki mikononi mwa watu binafsi na yatozwe kodi ya haki. Mwalimu aliyataifisha mabenki tarehe 6 Februari 1967, siku moja tu baada ya Azimio la Arusha kutangazwa.

Kulitamka neno la Kijerumani la usoshalisti peke yake nako kuna matatizo. Leipzig au Berlin ya mashariki, mtu mwenye miaka zaidi ya hamsini husikia Ujerumani Mashariki, nchi aliyokulia hadi 1989: ukuta, polisi wa siri, na pia kodi ndogo ya nyumba na ajira kwa wote. Wazanzibari wana kumbukumbu tofauti ya nchi hiyohiyo, kwa sababu ndiyo iliyojenga maghorofa ya Kikwajuni. Na ukitumia neno "ujamaa" lenyewe, Mjerumani msomi hufikiri vijiji, kwani ndicho alichokisoma. Ataanza kukuuliza kuhusu watu waliohamishwa kwa nguvu, nawe hujafika hata kwenye hoja yako.

Njia inayofaa ni kuliweka jina pembeni kwanza na kujibu maswali manne kwa maandishi, sentensi moja kila swali, kwa kutumia vitenzi: nani amiliki, nani aamue, soko lifanye kazi gani, na mabadiliko yaje kwa njia ipi. Mawili ya mwisho hayachukui muda. Wengi wetu tunakubali soko la vitu vya kila siku na tunakataa soko la matibabu na elimu, na wengi wetu tunataka sanduku la kura. Ukikataa sanduku la kura, fahamu kwamba anayeomba uraia wa Ujerumani hutakiwa kukiri kwamba anaufuata mfumo huru wa kidemokrasia. Hapo jina huwa na uzito wa kisheria.

Swali la umiliki lina mtego. Sisi tumezoea kusema "njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma" na kuhesabu kwamba umma ni serikali. Ujerumani umma una sura nyingi: manispaa, mifuko ya bima ya afya inayojiendesha (kiwango cha msingi cha asilimia 14.6 ya mshahara hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwajiri na mwajiriwa), na ushirika wa nyumba ambao mpangaji ni mwanahisa. Ibara ya 15 ya katiba yao inaruhusu ardhi, maliasili na njia za uzalishaji kufanywa mali ya umma kwa fidia. Septemba 2021 wakazi wa Berlin walipiga kura kuhusu kuyatwaa makampuni ya nyumba yenye zaidi ya nyumba 3,000, na zaidi ya nusu ya waliopiga kura walikubali, ingawa kura yenyewe haikuilazimisha serikali ya jimbo. Tukumbuke kwamba kwa upande wa ardhi sisi tuko kushoto kwao tangu zamani. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, na mwanakijiji hupata hati ya haki miliki ya kimila. Mjerumani wa Die Linke akisikia hivyo hushangaa. Muulize mwanakijiji ni nani huamua mwekezaji anapofika, na hapo linaingia swali la pili.

Nani aamue? Hili ndilo linalopanga majina yote, na ndilo tunalolikwepa. Mkoani Ruvuma, kuanzia Litowa, wakulima walijenga vijiji vya ujamaa kwa hiari, wakajiongoza kwa mikutano yao na kuendesha shule yao. Chama cha maendeleo kilichowaunganisha kilivunjwa na TANU mwaka 1969. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi majivuno na dharau, wafanyakazi wakauamini, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber jijini Dar es Salaam wakakitwaa kiwanda. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu, wengi bila ridhaa yao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa na mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali. Sheria ya kuvirudisha ilikuja 1982. Kila hatua ilifanywa kwa jina la ujamaa, na kila mara mwenye neno la mwisho alikuwa ofisini.

Mwaka huohuo wa 1976 Ujerumani Magharibi, nchi ya kibepari, ilipitisha sheria inayoyapa makampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 bodi ya usimamizi ambayo nusu ya viti vyake ni vya upande wa wafanyakazi. Kuna kasoro: kura zikilingana, mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hutoka upande wa wenye hisa, ana kura ya pili. Mali imebaki ya tajiri. Lakini ukipima kwa swali la nani aamue, mfanyakazi huyo ana sauti ambayo mfanyakazi wa shirika letu la umma hakuwa nayo. Mimi naona hili linauma, na ndiyo maana sikubali kulitupa neno ujamaa wala kulitetea lote kama lilivyo.

Sasa rudi kwenye sentensi zako. Ukiwa umeandika kwamba makampuni yabaki ya watu binafsi, kodi zipande na bima iwe ya wote, wewe ni mdemokrasia wa kijamii, hata kama picha ya Mwalimu iko ukutani. Ukiandika kwamba dola imiliki na chama kiwe na neno la mwisho, huo ni usoshalisti wa dola, na huko Mashariki wana jina lake na uchungu wake. Ukitaka umiliki wenyewe uhame kwenda kwa wafanyakazi na watumiaji kwa njia ya kura, sema mjamaa wa kidemokrasia. Kama unataka ushirika ulio huru na serikali, sema mjamaa wa ushirika na utaje Litowa, maana hapo unazungumza historia yako mwenyewe. Kwa ndugu zetu wa Kenya kuna tahadhari moja: waraka wa serikali wa mwaka 1965, namba 10, uliitwa wa usoshalisti wa Kiafrika huku ukiilinda mali binafsi, hivyo kivumishi "wa Kiafrika" peke yake hakisemi lolote.

Jina jipya lisichukuliwe nyumbani bila maelezo. Kwa waliokuwa watu wazima miaka ya mwanzo ya 1980, "mjamaa" ni foleni ya sukari na sabuni. Kwa vijana ni mzee wa CCM. Anza na miiko ya uongozi iliyokuwa ndani ya Azimio: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba. Miiko hiyo ililegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na bado ndiyo sehemu ambayo wasikilizaji wa rika zote huielewa mara moja.

Kuhusu kulitumia jina hilo huku: asiye raia wa Umoja wa Ulaya hapigi kura ya bunge wala ya manispaa, ila SPD na Die Linke humpokea kama mwanachama. Chama cha wafanyakazi, IG Metall au ver.di, hutoza asilimia 1 ya mshahara ghafi kwa mwezi. Na kazini uraia hauulizwi kabisa. Penye wafanyakazi wa kudumu wasiopungua watano panaweza kuundwa baraza la wafanyakazi, Betriebsrat. Mwenye miaka 16 hupiga kura, na mwenye miaka 18 aliyefanya kazi hapo miezi sita hugombea. Uchaguzi wa kawaida ni kila miaka minne, kati ya Machi na Mei: 2022, 2026, 2030. Katika kampuni kubwa majina ya wagombea hupokelewa kwa wiki mbili tu tangu tangazo libandikwe, na wageni wengi hukosa nafasi kwa sababu hawakulisoma tangazo ukutani.