Kuiopoa Ndiyo Kazi Ndogo

Kila merikebu ya matanga inapoonekana sakafuni mwa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, watu hutazama picha, milingoti ingali wima, gurudumu la usukani liko mahali pake, kisha huuliza: mbona wasiitoe? Si swali la kipumbavu. Maji yale ni ya baridi na hayana chumvi, na wale viumbe wa baharini wanaotoboa mbao za majahazi hawaishi humo. Ndiyo maana anayesema iachwe huko huko huonekana mvivu, au mchoyo anayewawekea wazamiaji wachache urithi wa wote.

Anayeijua habari ya merikebu iitwayo Alvin Clark hamhukumu upesi hivyo. Skuna hiyo ilizamishwa na dhoruba mwaka 1864 katika Green Bay, ghuba ya Ziwa Michigan. Mwaka 1967 nyavu za uvuvi zilinasa chini, akaitwa mzamiaji Frank Hoffmann kuzinasua, naye akaikuta meli. Mwaka 1969 yeye na wenzake wakaipandisha juu. Maji yalipotolewa kwa pampu, chombo kilielea chenyewe, baada ya miaka 105.

Hapo ndipo picha za furaha huishia, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Mbao zilizolowa karne nzima hazianikwi kama nguo. Maji yaliyojaa ndani yake ndiyo yanayozishikilia umbo. Yakitoka bila kitu kingine kushika nafasi yake, mbao hunywea, hujikunja na kupasuka, kisha kuvu huingia. Alvin Clark ilifanywa kivutio cha watalii mjini Menominee, Michigan, lakini fedha za kuihifadhi hazikupatikana. Ikaoza huku watu wakiitazama, na mwaka 1994 ikabomolewa. Ziwa liliitunza miaka 105. Nchi kavu ikaimaliza kwa 25. Na kilichokosekana hapo hakikuwa mapenzi.

Kuna watakaoitaja Vasa, meli ya kivita ya Sweden, iliyoopolewa mwaka 1961 na ingali inatazamwa hadi leo. Sawa. Ila Vasa ilinyunyiziwa kemikali ya kuimarisha mbao kwa miaka 17, ikajengewa makumbusho yake, na dola nzima iko nyuma yake. Skuna ya kubebea mizigo, moja kati ya mamia, itapewa na nani bajeti hiyo?

Hata hivyo wanaotaka meli ziopolewe wana hoja moja inayouma: kome. Kome wa kwaga, wenye asili ya pande za Bahari Nyeusi, waliingia katika maziwa hayo mwishoni mwa miaka ya 1980 ndani ya maji ya kusawazishia meli. Wao hujibandika juu ya mabaki tabaka juu ya tabaka, wakafunika nakshi na majina, wakaongeza uzito, na chini yao misumari ya chuma huliwa na kutu. Kwa hiyo “kuiacha salama” si maneno ya kweli tena.

Lakini kome hawabadilishi ile hesabu ya Menominee. Wanabadilisha haraka inayotakiwa. Meli inaweza kupimwa na kupigwa picha ubao kwa ubao pale ilipolala, kwa gharama isiyofikia hata chembe ya kuiopoa. Na kuhusu uchoyo: huko Alpena, kwenye hifadhi ya Thunder Bay iliyoanzishwa mwaka 2000 katika Ziwa Huron, asiyejua kuogelea hupanda boti yenye sakafu ya kioo akayaona mabaki. Kwingine hata kutazama kuna mipaka yake. Meli mbili, Hamilton na Scourge, zilizozama Ziwa Ontario usiku mmoja wa Agosti 1813, ziliondoka na mabaharia zaidi ya 50, na mifupa yao imeonekana kwenye picha.

Ninachowadai watetezi wa kuziacha ni kimoja: wagharimie upimaji huo sasa, meli baada ya meli, kabla kome hawajazifunika zote.