Kigari cha Bonge

Kosa lilianzia kwenye treni ya SGR. Tulitoka hapa Dodoma kwenda Dar, na kile kigari cha mtoto nilichokiokota kwenye mitumba kikateleza juu ya marumaru za stesheni kama kimepakwa mafuta ya nazi. Watu wakageuka kututazama. Nikajiona baba wa kisasa.

Pasaka ikafika: twende Kondoa kwa mama mkwe, tupande na Kolo kuona michoro ya miambani. Treni haiendi Kondoa. Gari hatuna. Bodaboda mke wangu hataki hata kuisikia, "mwanangu hapandi mishikaki." Likabaki basi, na barabara ile ni lami tupu siku hizi. Hapo hatukubishana. Tulibishania kigari.

"Baba Bonge, mimi nina kanga mbili."

"Kanga haina magurudumu," nikamjibu. (Bonge ana miezi kumi na kilo kumi na moja. Nilikuwa nauhurumia mgongo wa mama yake, jamani!)

Stendi, konda akakizunguka mara mbili. "Braza, hili toroli linaenda kwenye buti. Elfu tano." Mtoto bure, kigari elfu tano. Kikalazwa kati ya magunia ya vitunguu na tenga la kuku, na tulipokishusha Kondoa, jogoo mmoja alikuwa ameshakizindua.

Mama mkwe alikitazama kwa huzuni. Nikaamkia, akaitikia marahaba, kisha akamvuta binti yake pembeni. Kunong'ona kwake na kuongea kwetu ni sawasawa: "Mjukuu wangu miguu ina nini?"

Kesho yake tukakodi Noah hadi Kolo. UNESCO waliiingiza michoro ile kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na waliochora hakika hawakupanda na kigari. Gari linafika mahali linaishia, halafu ni mawe, miiba na mteremko wa kukata pumzi. Bonge yuko mgongoni kwa mama yake, amelala fofofo. Mimi nimejitwika kigari kichwani, ndani yake pampasi, chupa ya chai na chapati. Wazungu wawili waliokuwa wanashuka wakaomba kunipiga picha.

Tulipofika kwenye mwamba nikakitua, nikakifunika kitenge jua lisiharibu chai, nikakanyaga breki. Mke wangu akazunguka upande wa pili kutazama watu wale wembamba, warefu, wa rangi nyekundu. Mimi nikachomoa chapati.

Kr. Kr-kr. Krrrrr.

Breki ya mtumba ndugu zangu! Kigari kikashika njia, kitenge kinapepea, na huko chini mwongoza watalii mmoja alikuwa anapandisha na wageni wake. Akakiona. "Mtoto! Jamani mtoto!" Nilitaka kupaza sauti kwamba hakuna mtoto, lakini chapati ilikuwa imejaa mdomoni, ikatoka "mmtoho!" tu, jambo lililomtia moto zaidi. Akajirusha kwenye miiba kama golikipa, akakidaka kwa mikono miwili, suruali ikachanika kuanzia gotini hadi mahali ambapo sipataji.

Akafunua kitenge huku anatetemeka. Akatoa pampasi. Akatoa chupa. Akachungulia tena chini kabisa, halafu akaniangalia.

"Mzee, mtoto yuko wapi?"

Mke wangu akatokea nyuma ya mwamba, Bonge anakoroma mgongoni. Hakusema neno. Alikaza tu fundo la kanga, taratibu, huku ananitazama.

Suruali nililipa elfu ishirini, na chapati zote zikaenda kwa majeruhi. Kigari tulikiacha Kondoa. Juzi mama mkwe amepiga simu: kinabeba madumu mawili ya maji kutoka bombani bila shida, ila jirani yake anauliza kama naweza kumpatia na yeye kimoja, chenye breki.