Wanaojishusha kanisani na wanaojishusha barazani

Mimi Muislamu, mtoto wa Ngamiani Tanga, nimekulia nyumba ya kupanga tunachangia uwani na Wakatoliki, kwa hiyo Ukristo kwangu sio kitu kigeni. Lakini sasa mwaka wa sita niko Roma nalea bibi mmoja mzee wa miaka 87, badante ndo wanavyotuita huku, na kila Kwaresima namsukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka kanisani, na huko nimeona mambo ambayo nyumbani sikuwahi kuyaona, au labda sikuwahi kuyaangalia.

Jumatano ya Majivu kwa mfano. Nyumbani nimezoea kuona majirani wana alama ya msalaba kwenye paji la uso, huku padri ananyunyiza majivu utosini. Sasa huyu bibi yangu hatoki nje kabla nywele hazijatengenezwa, nikimchana vibaya tunagombana, lakini siku hiyo anainamisha kichwa mwenyewe, anamwagiwa majivu, anakumbushwa kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi, na anarudi nayo nyumbani bila kuyagusa.

Halafu Ijumaa Kuu ya kwanza nilimshtukia padri. Aliingia kimya kimya, hakuna kinanda wala wimbo, altare tupu haina hata kitambaa, akalala kifudifudi sakafuni, mzee mzima. Nilijua kaanguka. Nikataka kukimbia nikamnyanyue, bibi akanivuta mkono. Nikabaki najisemea moyoni, sasa hii na sijda zimepishana nini? (Najua zimepishana, msinishukie, mimi Muislamu na nitakufa Muislamu inshallah.)

Nikakumbuka mikutano ya injili kule nyumbani Tanga, uwanja wa Tangamano, spika mpaka saa tano usiku, pokea gari, pokea nyumba, dai baraka zako, yaani mtu anamdai Mungu kama anavyomdai konda chenji yake. Sio wote jamani, wale Wakatoliki wetu wa uwani walikuwa wanapiga magoti kwenye simenti bila kelele. Na sisi pia tusijitoe, maana kuna misikiti mheshimiwa akichelewa anatafutiwa nafasi safu ya mbele na aliyewahi anasogezwa.

Ila ukinambia Wazungu ndo wanyenyekevu nitakubishia mpaka asubuhi. Wakitoka mlangoni tu yameisha. Kitoto cha miaka kumi kinamwita mzee kwa jina, na kuna ndugu wa huyu bibi anaingia ndani ananipita kama kabati. Sisi shikamoo yetu, wanavyosema wenye lugha, asili yake ni nashika miguu yako, na tunaitoa kutwa nzima kwa kila mkubwa tunayekutana naye, hata muuza maji, wala hatuhitaji Kwaresima. Huku miguu inashikwa Alhamisi Kuu, padri anawaosha watu 12. Mwaka 2013 Papa Francis alienda gereza la vijana la Casal del Marmo hapa hapa Roma akaosha na kubusu miguu ya wafungwa, wasichana wakiwemo na Waislamu wenzangu pia, na kuna Wakatoliki walikasirika kweli kweli. Mi nilimpenda kwa hilo, lakini nikajiuliza mbona mimi naosha miguu ya bibi kila jioni na hakuna aliyeniona mnyenyekevu, wanaona nafanya kazi niliyolipwa. Na kusema kweli mwenyewe nilikuwa naosha huku nimenuna.

Alhamisi Kuu ya mwaka huu nimeweka beseni kama kawaida, nimemaliza mguu wa pili, bibi akaniambia nikae. Kuinama hawezi, nyonga ilishavunjika. Akachukua taulo lile lile akanifuta mikono, kidole kimoja kimoja, taratibu, hakusema kitu. Nikaona aibu sijui hata ya nini. Alipomaliza akanikumbusha kesho nyama hakuna, niwahi sokoni nikanunue samaki.