Huo si utani, ni dharau kwa Wazaramo

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Kisarawe kuangalia kiwanja. Dalali alinipokea stendi, na njiani akawa ananipa mbinu: "Kaka, hawa Wazaramo wasikusumbue. Thamani ya ardhi hawaijui. Taja bei yoyote, anachotaka ni hela ya ngoma tu." Sentensi ya mwisho aliimalizia tukiwa tumeshafika. Mzee mwenye shamba alikuwa amekaa chini ya mkorosho na alisikia kila neno. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia taratibu, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Baba yangu ni Mnyamwezi. Wazaramo ni watani zetu tangu enzi za misafara, wazee wetu walipobeba pembe kutoka Tabora hadi pwani. Nimewatania, nao wamenitania mpaka nikakosa pa kuuficha uso. Lakini utani una deni. Mtani anayekucheka leo ndiye atakayehangaika msibani kwako kesho. Dalali yule hadaiwi chochote na mzee yule. Alikuwa anashusha bei kwa kushusha watu.

Na si yeye peke yake. Dar nzima inazungumza hivi, kwenye daladala, vijiweni, hata maofisini: Mzaramo mvivu, Mzaramo kauza viwanja vyote. Mimi niliyezaliwa Temeke nimeyasikia maneno haya maisha yangu yote, na ninaona aibu kwamba nilikuwa nacheka.

Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji huu wa Dar es Salaam miaka ya 1860 hakukuta pori. Kulikuwa na kijiji cha Mzizima, kulikuwa na Washomvi wanaovua na kuuza chumvi, na nyuma yao Uzaramo yote, yenye vijiji vyake na mapazi wake, yaani viongozi wake wa jadi. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo. Mwaka 1895 ikatoka amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Sasa fikiria shamba la mihogo lililoachwa lipumzike misimu michache, kama mkulima yeyote mwenye akili alivyofanya. Machoni pa mgeni, hapo hapana mwenyewe. Waingereza wakaja na sheria yao ya 1923, ardhi yote ikawa ya umma chini ya gavana. Uhuru ulipopatikana dhamana ikahamia kwa Rais, na mzee wa Kizaramo akabaki pale pale, analima ardhi ya babu zake bila karatasi.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kwa miaka mingi, mji ulipopanuka na serikali ikatwaa mashamba, fidia ilihesabiwa kwa kilichosimama juu ya ardhi. Walihesabu minazi, mikorosho, miembe na kibanda. Udongo wenyewe haukuwa na bei. Mtu alilipwa miti yake, shamba likakatwa viwanja, viwanja vikapewa wengine, na leo kimoja tu kati ya hivyo kinauzwa kwa fedha ambazo hakuwahi kuziota. Ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliyosema wazi kwamba thamani ya ardhi yenyewe nayo ihesabiwe. Sasa niambieni, aliyekuwa hajui thamani ya ardhi ni nani? Aliyeuza mapema kwa bei ndogo kabla wapimaji hawajafika alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kabisa. Kidogo cha mnunuzi kilimfaa kuliko bei ya minazi.

Haya, nakubali wapo waliouza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Matapeli wa viwanja wapo katika kila kabila, na dalali wangu hakuwa Mzaramo.

Kuhusu ngoma sina maneno mengi. Mwali anapotolewa ndani, ukoo mzima unakutana na binti anajua ana watu. Sisi wengine tunachangishana mamilioni kwa usiku mmoja wa ukumbini na hakuna anayetuita wavivu.

Na wanaosema hawa watu hawakujali mambo yao, wajue kwamba Wazaramo wa mjini humu walikuwa na chama chao, Wazaramo Union, tangu mwaka 1938.

Kinachoniuma zaidi ni wanetu. Mwanangu ameshajua kwamba jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Pazi alikuwa nani, hajui. Tumepita Gezaulole mara nyingi tukienda ufukweni Kigamboni, na hajawahi kuambiwa kwamba hicho ni Kizaramo, "jaribu uone". Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wetu tunaita mitaa yetu kwa lugha ambayo hatujawahi kumuuliza mtu maana yake.

Dalali nilimlipa nauli, nikamwomba aondoke. Nilirudi Jumamosi na shangazi yangu, tukakaa mkekani na mzee pamoja na dada zake wawili. Alitaja bei yake, na sikuipunguza. Kisha akanionyesha makaburi matatu upande wa mashariki, la mama yake likiwa la katikati. Tumeyaacha nje ya vipimo, na njia ya kuyafikia imeandikwa kwenye mkataba, ili Shaabani ikifika wapite kuja kuzuru bila kumwomba mtu ruhusa.