Mashine dhaifu ijijenge yenyewe, au ijengewe?

Tangu mfumo endeshi wa NetBSD 1.6 ulipotoka mwaka 2002 ukiwa na hati ya `build.sh`, inayojenga mfumo wa mashine moja juu ya mashine nyingine, wanaopinga kukompaili (kugeuza msimbo chanzo kuwa programu) kwenye mashine dhaifu wana hoja nzito. Ukiwa na kompyuta yenye nguvu, andika `./build.sh -U -j8 -m vax tools release`, nawe utapata mfumo mzima wa VAX, kompyuta ya zamani, bila VAX yenyewe kuwashwa. Kwa anayetaka mfumo tu, njia ni hiyo.

Lakini shaka yangu imo humo humo: bila kuwashwa. OpenBSD, ndugu wa NetBSD, hujenga mfumo wa kila aina ya mashine juu ya mashine za aina hiyo hiyo, na wengi huuona huo kuwa ukaidi. Sivyo. Ujenzi wa siku kadhaa huibana diski, kerneli (kiini cha mfumo), RAM na kompaila kwa pamoja, na makosa yanayojificha kwenye kazi nyepesi hutokeza hapo.

Kazi ikikatika katikati, watu husema haraka kwamba RAM haitoshi. Usome ujumbe kwanza. `Killed`, yaani ishara namba 9, kwa kawaida ni kerneli imeiua kompaila kwa kukosa kumbukumbu: shusha hadi `-j1` (kazi moja kwa wakati mmoja), ongeza swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM), ondoa `-g` (taarifa za kutafutia makosa), na usijengee kwenye tmpfs, mfumo wa faili ulio ndani ya RAM, maana nayo inakula RAM ile ile. Gentoo, Linux ambayo watumiaji huikompaili wenyewe, hushauri GB 2 za RAM kwa kila kazi ya `make`, programu inayoendesha ujenzi. Kwenye MB 512, `-j2` ni kujitakia balaa faili za C++ zikifika.

Ishara namba 11, yaani programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, ni habari nyingine kabisa. Rudia `make` bila kufuta kitu. Ikipita pale ilipoangukia kisha ikaanguka kwenye faili jingine, shuku RAM, joto au umeme. Ikiangukia pale pale kila mara, shuku kompaila. Ujenzi uliofanyiwa kwingine hauwezi kukufichulia hilo.

Kuna mahali kujenga kwenye mashine yenyewe hushindwa kweli. Kuunganisha LLVM, mradi mkubwa wa kompaila, kwenye prosesa ya biti 32 kunaweza kumaliza nafasi ya anwani, isiyozidi GB 4 kwa programu moja, na hapo swapu haiokoi. Swapu kwenye kadi ya SD nayo huichakaza. Itumie diski ya USB.

Kwa hiyo mfumo wa kwanza ujengee nje. Ukishawaka, peleka msimbo chanzo kwenye mashine yenyewe na uanze na kerneli peke yake. Ikiisha bila ishara 11, endelea na mfumo wote.