Tangi Jeusi na Mama Mkwe

Shemeji yangu anaishi Minneapolis, kazi yake ni kompyuta, na mabomba anayaheshimu kwa mbali. Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, shemeji akakodi gari-nyumba: vitanda, jiko, friji, bafu na choo, vyote juu ya magurudumu, twende hifadhi ya Yellowstone, mwendo wa kilomita 1,600 hivi. Dada akamwuliza, "Na ya chooni yanakwenda wapi?" Akajibu, "Kuna matangi," kisha akaanza kusifia friji.

Matangi yenyewe ni matatu: la maji safi, la kijivu linalopokea maji ya sinki na bafu, na jeusi, ambalo halihitaji maelezo. Hilo jeusi lilikuwa chini ya kitanda cha shemeji. Tukiwa South Dakota, usiku, akaninong'oneza, "Shem, mimi kweli nilale juu ya... ya Mama?"

"Afadhali juu kuliko chini."

Hakucheka. Mimi na yeye tunataniana mpaka kesho, lakini mkwe ni mkwe. Mtu huyu hata kupiga miayo mbele ya Mama hugeuza uso.

Njiani alibana maji kama ya kununua kwa kikombe. Mama alikuwa amesafiri na kopo lake la plastiki toka Tanga, na mimi ndiye niliyetumwa kumwomba, kwa adabu zote, likae kwenye buti kwanza, atumie zile karatasi laini za kwenye gari. Mama akasema "sawa", ile sawa ambayo kila mtoto wake anaijua.

Ndani ya hifadhi tulipata nafasi Fishing Bridge, kambi pekee ya Yellowstone ambako kila gari lina maji, umeme na shimo lake la maji taka. Mahema ya kitambaa hayaruhusiwi hapo kwa sababu ya dubu. Mama alipolisikia hilo hakutoka nje mpaka asubuhi. Shemeji yeye dubu hakuwasikia kabisa. Alishaliona shimo. Akaunganisha mpira, akafungua valvu ya tangi jeusi, akaiacha wazi mchana na usiku. "Hakuna kinacholala humu tena," akatangaza, na usiku huo alikoroma.

Sasa, nyumba ina mabomba yenye mteremko. Gari lina sanduku bapa. Ukiacha valvu wazi, maji yanatangulia na kuwaacha wenzao nyuma. Wanaobaki wanakaa palepale chini ya tundu la choo, wanakauka, wanapandana. Taa ya kipimo ukutani ikaanza kusema tangi limejaa robo tatu. Shemeji akaigonga kwa kidole. "Imeharibika hii."

Kisha harufu ikatoka kusalimia majirani. Mzee mmoja mstaafu, mwenye gari refu kuliko letu, akaja, akanusa mara moja tu. "Valvu mmeiacha wazi?" Akaeleza kwa mikono jinsi mlima unavyojengeka humo ndani, akautaja kwa jina lake: piramidi.

Mama akachungulia mlangoni. "Huyo mzee anasema nini?"

Shemeji akanitazama kwa macho ya mtu anayezama.

"Anasimulia habari za Misri, Mama."

Dawa, kwa mujibu wa mzee, ni maji. Funga valvu, jaza tangi, acha yaloweke, ikibidi zunguka na gari kidogo yatikisike, ndipo ufungue. Kwanza jeusi, kisha la kijivu lisuuze mpira. Ubavuni mwa gari kulikuwa na tundu la kuoshea tangi kwa ndani. Shemeji akafunga valvu, akachomeka mpira wa maji hapo, akafungua koki yote. "Usisogee hapo," mzee akamwonya. Simu ya kazini ikaita. Akasogea.

Mimi nilikuwa kivulini na kikombe cha chai. Jua kali, wingu hakuna, tone likaanguka kwenye kikombe. La pili likanipata utosini. Nikainua macho. Tangi jeusi lina bomba la hewa linalotokea juu ya paa, na tangi likijaa kupita kiasi, maji hupanda humo. Yalikuwa yanashuka kuta zote za gari, na rangi yake haikupishana sana na chai yangu.

"Fungeni maji!"

Lakini Mama, aliyesikia mvua, alikuwa ameingia kujitayarisha kwa adhuhuri. Akakanyaga pedali ya choo. Maji yaliyokuwa yamefika paani yakapata njia ya karibu zaidi.

Sikuona, nilisikia. Astaghfirullahi ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya tatu iliwatoa nje watu wa magari ya jirani. Na kwa mshtuko mguu ulibaki palepale kwenye pedali.

Dada ndiye aliyeruka kufunga koki. Shemeji akarudi mbio, simu mkononi bado inaongea, akakutana na Mama mlangoni, kanga imemganda, inachuruzika. Akasimama wima, midomo ikicheza, halafu likatoka pekee alilokuwa nalo:

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Mama akajibu, akapita kuelekea bafu za kambi.

Shemeji alivaa glavu akasafisha peke yake mpaka magharibi, hakuna aliyemzuia. Maji yaliyoloweka yalipofunguliwa yalishuka kwa kishindo, Misri yote ikaondoka. Mama alilitoa kopo lake kwenye buti mwenyewe. Toka hapo valvu ilifungwa mpaka tangi lifike theluthi mbili, maji yakamwagwa bila hesabu, na taa ya kipimo ikaanza kusema kweli.

Kesho yake tulikwenda Old Faithful, ile chemchemi inayorusha maji ya moto juu kupita mita 30, kila baada ya saa moja na nusu hivi. Watu walikuwa wamejaa mabenchi ya mbele. Mama akachagua la nyuma kabisa. Ardhi ikakoroma, mvuke ukatoka, maji yakapaa, watu wakashangilia. Mama akamgeukia shemeji.

"Na hii, baba, valvu yake kafunga nani?"